Rangi za Nyoka wa Mahindi na Siri ya Jeni Fiche

Katika nchi ya Usukuma nyoka hakosi wenyewe. Bayeye, ambao ni mojawapo ya vyama vya jadi vya Wasukuma, wamejulikana tangu zamani kwa ustadi wa kukamata nyoka, kucheza nao ngomani na kuwatibu watu walioumwa. Katika mashindano ya ngoma yafanyikayo baada ya mavuno, chatu huonekana amejiviringisha shingoni mwa mchezaji, na watazamaji hawalioni jambo hilo kuwa la ajabu. Hata hivyo, nyoka wa ngomani hutwaliwa porini. Hazalishwi nyumbani ili apate watoto wenye rangi fulani.

Kuzalisha nyoka kwa ajili ya rangi ni kazi iliyostawi ng'ambo, hasa Marekani na Ulaya, na nyoka aliyetumiwa zaidi ni yule aitwaye nyoka wa mahindi. Kwa mtazamo wa kwanza kazi hiyo yaonekana kuwa mchezo wa watu wenye nafasi na fedha za kupoteza. Lakini ndani yake mna somo la biolojia ambalo katika mikoa ya Shinyanga na Geita lina uzito kuliko mahali pengi duniani. Jeni ambayo ikiharibika humfanya nyoka huyo akose rangi nyeusi ndiyo ile ile ambayo, ikiharibika kwa binadamu, huwafanya watu wengi wa Afrika Mashariki wazaliwe na ualbino.

NYOKA MWENYEWE

Nyoka wa mahindi, ambaye jina lake la kisayansi ni Pantherophis guttatus, ni mwenyeji wa majimbo ya kusini-mashariki ya Marekani. Hana sumu. Huwinda panya na kuwabana kwa kujiviringisha kama afanyavyo chatu, ingawa yeye mwenyewe kwa kawaida hazidi urefu wa meta 1.8. Wapo wasemao kwamba jina lake limetokana na tabia yake ya kuvizia panya kwenye maghala ya mahindi. Wengine husema ni kwa sababu ya madoa meusi na meupe ya tumboni, yaliyopangika kama punje kwenye gunzi. Nyoka wa namna hii angemfaa sana mkulima wa Usukuma ghalani mwake, laiti si ile desturi ya kumpiga rungu kila nyoka aonekanaye.

Rangi yake ya kawaida ni ya machungwa au hudhurungi, na mgongoni ana mabaka mekundu yaliyozungushiwa ukingo mweusi. Jike hutaga mayai 10 hadi 30 hivi kwa mara moja, nayo huanguliwa baada ya miezi miwili yakiwekwa mahali penye joto na unyevu wa kutosha. Watoto hukomaa na kuweza kuzaa baada ya miaka miwili au mitatu. Kwa hiyo mtafiti mwenye subira aweza kuona vizazi viwili vya nyoka katika muda ambao mwanafunzi humaliza masomo yake ya sekondari.

Ili kuelewa rangi za nyoka huyu, hapana budi kwanza kufahamu kwamba ngozi yake haikutiwa rangi kwa namna ile ile kama ngozi ya mtu. Weusi na weupe wa ngozi ya binadamu hutegemea hasa pigmenti moja, yaani melanini. Nyoka ana seli za aina kadhaa: zipo zenye melanini, ambazo huleta weusi na hudhurungi, zipo zenye pigmenti za njano na nyekundu, na zipo zenye fuwele ndogo mno ambazo hurudisha mwanga na kuifanya ngozi ing'ae. Hali hii yafanana na ya kanga iliyopigwa chapa kwa rangi tatu, kila rangi kwa chapa yake. Fundi akiacha kupiga chapa ya wino mweusi, kanga haitakuwa nyeupe. Itabaki na nyekundu na njano yake.

Ndivyo ilivyo kwa nyoka wa mahindi aliyekosa melanini. Yeye si mweupe. Ni mwekundu na wa machungwa, mabaka yake yamezungukwa na ukingo mweupe mahali palipopasa kuwa na weusi, na macho yake ni mekundu kwa sababu damu iliyomo ndani ya jicho huonekana pasipo pazia la melanini. Wako pia nyoka wenye kasoro iliyo kinyume cha hiyo: wekundu ndio uliopotea, na weusi umebaki. Hao huwa wa kijivu na weusi, na mgeni aweza kudhani ni nyoka wa aina nyingine kabisa.

NYOKA WA MWAKA 1953

Mwaka 1953 nyoka mmoja wa mahindi asiye na melanini alikamatwa katika jimbo la North Carolina. Alifika mikononi mwa H. Bernard Bechtel, ambaye hakuwa mtaalamu wa wanyama bali daktari wa magonjwa ya ngozi. Huenda ndiyo sababu hakuridhika kumtazama tu. Nyoka yule alipandishwa na mwenzi mwenye rangi ya kawaida, na watoto wote waliozaliwa wakawa na rangi ya kawaida. Mtu asiye na subira angekata shauri hapo hapo kwamba kasoro ile hairithiwi. Bechtel na mkewe walisubiri watoto wakomae, kisha wakawapandisha wao kwa wao. Ndipo katika kizazi cha pili wakatokea tena nyoka wasio na weusi, ilhali wazazi wao wote walikuwa na rangi kamili. Matokeo yalichapishwa mwaka 1962.

Mwanafunzi aliyekwisha kusoma habari za Gregor Mendel na mbaazi zake, zilizochapishwa mwaka 1866, atalitambua jambo hili mara moja. Kila mnyama hupokea jeni mbili kwa kila sifa ya namna hii, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Herufi A na isimame badala ya jeni nzima ya kutengeneza melanini, na herufi a badala ya jeni iliyoharibika. Nyoka mwenye AA ana weusi. Mwenye Aa naye ana weusi, kwa kuwa jeni moja nzima yatosha kuifanya kazi. Jeni a imo ndani yake lakini haionekani. Mwenye aa peke yake ndiye akosaye weusi. Jeni kama A huitwa jeni tawala, na jeni kama a huitwa jeni fiche. Mnyama mwenye Aa huitwa mbebaji, na kwa kumtazama tu hakuna njia ya kumtofautisha na mwenye AA.

Wabebaji wawili wanapokutana, kila mmoja huweza kutoa A au a kwa nafasi zilizo sawa. Kwa wastani, katika kila watoto 4, mmoja ni AA, wawili ni Aa, na mmoja ni aa.

Neno "kwa wastani" lina siri kubwa, na walimu wengi hulipita upesi mno. Darasa laweza kulichunguza kwa mbegu zipatikanazo katika soko lolote la Shinyanga. Zichukuliwe bahasha mbili, na kila moja itiwe punje 50 za dengu na punje 50 za choroko. Dengu ni A, choroko ni a. Mwanafunzi afumbe macho, atoe punje moja kutoka kila bahasha, aandike jozi aliyoipata, kisha azirudishe punje na kutikisa bahasha. Akirudia mara 100, jozi za choroko kwa choroko zitakaribia 25. Lakini akirudia mara 4 tu, uwezekano wa kutopata hata jozi moja ya choroko tupu ni kama 1 katika 3. Hesabu yake ni robo tatu kuzidishwa kwa robo tatu mara nne. Jeni fiche basi yaweza kupita katika familia kizazi baada ya kizazi pasipo mtu yeyote kujua kuwa ipo, hata pale wabebaji wawili wanapozaa watoto wanne.

THELUJI NA MISTARI

Wazalishaji wa nyoka hawakuishia hapo. Walijiuliza itakuwaje kama kasoro ile ya kukosa weusi na ile ya kukosa wekundu zikikutana katika nyoka mmoja. Walipompandisha nyoka asiye na weusi na nyoka asiye na wekundu, watoto wote walikuwa na rangi ya kawaida kabisa! Kila mzazi alileta jeni nzima aliyoikosa mwenzake, na kwa hiyo watoto walikuwa na uwezo wa kutengeneza pigmenti zote mbili. Watoto hao walipopandishwa wao kwa wao, hesabu ilikuwa ya kumi na sita: kwa wastani 9 wa rangi ya kawaida, 3 wasio na weusi, 3 wasio na wekundu, na 1 aliyekosa vyote viwili. Huyo wa mwisho, mweupe mwenye dalili ya waridi na njano, wafugaji walimwita theluji.

Mabaka nayo yana jeni zake. Ipo jeni fiche ambayo huyaunganisha mabaka ya mgongoni yakawa kama vipago vya ngazi, na sura nyingine ya jeni hiyo hiyo huyavuta yakawa mistari mirefu kutoka shingoni hadi mkiani. Kadhalika, si kila rangi hutokana na jeni moja. Wekundu uliokolea au ukingo mpana mweusi hupatikana kwa kuchagua polepole, kizazi hata kizazi, wale wazuri zaidi ndio wazae. Njia hii mfugaji wa ng'ombe aijua vizuri, kwani naye huchagua fahali wa kubaki zizini na yule wa kupelekwa mnadani.

Afrika Mashariki nayo ina nyoka wake aliyepitia mkono huo huo. Ni nyoka mfupi, mnene, akaaye mchangani, Eryx colubrinus, apatikanaye Kenya, kaskazini mwa Tanzania na nchi za pembe ya Afrika. Katika vizimba vya ng'ambo amezalishwa hadi akapatikana asiye na weusi, asiye na wekundu, na theluji pia.

Uzuri huo una gharama yake. Ili jeni fiche mbili zikutane, wafugaji aghalabu hupandisha ndugu kwa ndugu, na hapo jeni fiche nyingine zilizo mbaya hupata nafasi ya kukutana vile vile. Katika nyoka wa mahindi kumetokea kasoro ya urithi ya mishipa ya fahamu, ambayo humfanya mtoto ageuze kichwa juu kana kwamba anatazama nyota, asiweze kwenda sawasawa. Rangi ya kupendeza haikumkinga.

Wanafunzi wa Shinyanga na Geita hawana haja ya kukamata nyoka ili kujifunza haya. Kifutu na swila wako karibu mno na njia za shule, na wanyamapori wa Tanzania hulindwa na sheria. Dengu na choroko zatosha.

JENI MOJA, VIUMBE WAWILI

Kwa zaidi ya miaka 50 baada ya Bechtel, wafugaji walijua jinsi herufi a inavyorithiwa bila kujua ni jeni ipi hasa. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Geneva, Uswisi, walitangaza kwamba wameipata. Ni jeni iitwayo OCA2. Katika nyoka asiye na weusi, kipande kirefu cha DNA, cha jamii ya vipande viwezavyo kuhamahama katika kromosomu, kilikuwa kimejipachika ndani ya jeni hiyo na kuivuruga.

Jeni ya OCA2 haikuwa ngeni kwa madaktari. Mwaka 1995 uchunguzi uliofanywa kwa wagonjwa wa Tanzania ulionyesha kwamba ualbino wao ulitokana mara nyingi na kasoro moja mahususi katika jeni hiyo hiyo: kipande cha DNA chenye urefu wa besi 2,700 hivi kimekatika na kupotea. Kasoro hiyo yaonekana pia katika nchi nyingine nyingi za Afrika kusini mwa Sahara, jambo lionyeshalo kuwa ni ya kale na ina asili moja. Nyoka ameongezewa kipande, binadamu amepungukiwa kipande. Mwisho wake ni mmoja. Protini itokanayo na jeni hiyo husaidia kurekebisha uchachu ndani ya vifuko vidogo ambamo melanini hutengenezwa. Protini hiyo ikikosekana, kiwanda kipo na malighafi ipo, ila tanuri halikutiwa moto sawasawa.

Tofauti iko mahali pamoja. Mtu hana zile pigmenti nyingine za nyoka. Melanini ikipungua, ngozi yake huwa nyeupe na nywele zake hugeuka za njano.

Makadirio yatumiwayo sana kwa Tanzania ni mtu mmoja mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Mwanafunzi wa kidato cha sita aweza kutumia kanuni ya Hardy na Weinberg ya mwaka 1908. Kama aa ni 1 katika 1,400, basi a yenyewe ni 1 katika 37 hivi ya jeni zote za aina hiyo, na wabebaji Aa ni kama mtu 1 katika kila watu 19. Katika darasa la wanafunzi 40, basi, yafaa kutarajia wabebaji wawili hivi. Hawajijui. Wazazi wao hawajui. Ni weusi kama wenzao, na jeni hiyo haiwadhuru kwa lolote.

Hapo ndipo hesabu ya nyoka inapoingia nyumbani mwa watu. Mtoto mwenye ualbino anapozaliwa na wazazi weusi, mara nyingi lawama humwangukia mama. Wapo waliotuhumiwa kuzaa na Mzungu, na wapo waliofukuzwa kwa kuambiwa kwamba wameleta laana katika ukoo. Lakini aa haiwezi kupatikana pasipo a kutoka kila upande. Baba ametoa nusu yake kama mama alivyotoa nusu yake. Mtoto huyo, akikua na kuoa au kuolewa na mtu asiye mbebaji, watoto wao wote watakuwa weusi, wote Aa. Na hata watu wawili wenye ualbino, kama jeni iliyoharibika kwa mmoja siyo ile iliyoharibika kwa mwingine, huweza kupata watoto weusi, kwa njia ile ile ambayo nyoka asiye na weusi na nyoka asiye na wekundu walivyozaa watoto wa rangi ya kawaida.

DHAHABU NA UCHAWI

Kuanzia mwaka 2007 habari za mauaji ya watu wenye ualbino katika mikoa ya Kanda ya Ziwa zilienea ulimwenguni. Hadi mwaka 2015 Umoja wa Mataifa ulihesabu zaidi ya watu 70 waliouawa nchini Tanzania. Viungo vyao vilitafutwa kwa ajili ya dawa za utajiri. Utafiti wa Deborah Bryceson na wenzake, uliochapishwa mwaka 2010, ulionyesha uhusiano kati ya biashara hiyo na maisha ya wachimbaji wadogo wa dhahabu, watu ambao hufanya kazi ya hatari na ya kubahatisha, na ambao mganga huwauzia tumaini. Septemba 2009 Mahakama Kuu iliyoketi Kahama iliwahukumu watu 3 kunyongwa kwa kumuua mtoto wa miaka 14 kutoka Bukombe, wilaya iliyokuwa wakati huo ya Mkoa wa Shinyanga na ambayo tangu mwaka 2012 ni ya Mkoa wa Geita. Watoto wengi walihamishwa kutoka vijijini wakapewa hifadhi katika shule ya Buhangija, mjini Shinyanga, mbali na wazazi wao. Januari 2015 Serikali ilipiga marufuku kazi ya wapiga ramli.

Imani hiyo yasema kwamba mwenye ualbino si mtu kamili, kwamba hafi bali hutoweka, na kwamba mwili wake una nguvu ya kuvuta dhahabu. Katika mwili huo hakuna kitu kilichozidi ambacho mwili wa mtu mwingine hauna. Kilichopo ni upungufu wa kipande kidogo cha jeni moja, upungufu ambao mtu 1 katika kila 19 anao nusu yake, na yamkini mchimbaji mwenyewe na mganga wake wamo katika hesabu hiyo. Dhahabu ya Geita nayo iliwekwa katika miamba na maji ya moto yaliyopenya katika nyufa zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, kabla ya kuwapo nyoka wala binadamu. Mahali ilipo palikwisha kuamuliwa na nyufa hizo. Mchimbaji aliyeipata baada ya kununua hirizi angeipata pasipo hirizi. Nao wengi walionunua wasipate hawasimuliwi na mtu.

SHULENI

Melanini haipambi ngozi tu. Huzuia miale mikali ya jua isiharibu seli, na kwa sababu hiyo saratani ya ngozi huwapata watu wenye ualbino wakiwa bado vijana. Kofia yenye ukingo mpana, mikono mirefu, sketi au suruali ndefu na mafuta ya kuzuia jua ni kinga ya kweli. Mafuta ya namna hiyo yamekuwa yakitengenezwa nchini, katika KCMC mjini Moshi. Kazi za shamba la shule na gwaride la saa sita mchana zisimhusu mwanafunzi huyo, au zipangwe asubuhi na mapema.

Macho nayo hukua kwa msaada wa melanini. Ikipungua, sehemu ya jicho ionayo vitu vidogo haikomai vizuri, na nyuzi za neva ziendazo kwenye ubongo hupita njia isiyo ya kawaida. Miwani husaidia kidogo, lakini haiondoi tatizo lote, na mwalimu asimdhanie mwanafunzi huyo kuwa mzito wa akili kwa kuwa hanakili haraka yaliyoandikwa ubaoni. Aketi safu ya mbele, mgongo wake ukielekea dirishani ili mwanga usimpige machoni. Aruhusiwe kuinuka na kuukaribia ubao kila anapohitaji. Mwalimu asome kwa sauti anayoyaandika, na karatasi za mitihani zitolewe kwa maandishi makubwa, jambo ambalo Baraza la Mitihani hulifanya kwa watahiniwa wenye uoni hafifu iwapo shule imewaorodhesha mapema.